Dereva wa basi naambiwa timu imefutwa kabla ya wachezaji wenyewe! Vyuo vidogo Marekani vinawafanyia nini watoto wa watu?

Wakuu, salamu kwenu. Siku tatu nimejizuia nisiandike kwa hasira, na hasira yenyewe haijapungua hata chembe. Basi naandika hivyo hivyo.

Naendesha mabasi ya kukodi huku kaskazini mwa Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, mwaka wa tisa sasa. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu kazi yangu kubwa ni kubeba timu ya magongo ya barafuni ya chuo kimoja kidogo, jina nalihifadhi. Si magongo ya nyasi yanayochezwa kwetu. Haya ni ya kuteleza juu ya barafu, viatu vina vyuma chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha raba. Vijana 26, mabegi 26 kama magunia ya mkaa, na harufu ya jasho ambayo ikishaingia kwenye viti haitoki mpaka kiangazi. Nimewafundisha kusema shikamoo. Wanapanda mmoja mmoja, "Shikamoo Mzee", na mimi "Marahaba", hata iwe saa nane za usiku na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri.

Mwezi wa nne, Jumanne, bosi wa zamu kaniita na karatasi ya safari za msimu ujao. Safari zote za timu ile zimepigwa mstari. Nikadhani wamepata kampuni ya bei rahisi. Akasema hapana, chuo kimepiga simu kufuta, mwakani timu haipo. Halafu akaongeza: "Usiseme lolote, wachezaji hawajaambiwa."

Alhamisi nikawapeleka kwenye chakula cha kufunga msimu. Nahodha wao ana kawaida ya kukaa kwenye ngazi karibu na kiti changu ili nisisinzie, ananishikia na kahawa. Usiku ule njia nzima alikuwa ananieleza kuhusu kipa mpya anayekuja, kijana mrefu, na jinsi watakavyofanya mazoezi kiangazi chote. Niliitikia "ndiyo, ndiyo", macho barabarani. Nilihofia kibarua kuota nyasi. Mpaka leo kitu kile kimenikaba hapa kooni.

Jumatatu ndipo walipoitwa ukumbini. Kikao hakikufika hata robo saa, maswali hayakuruhusiwa. Na wakati huo timu nyingine zilishajaza nafasi zao. Kijana wa mwaka wa tatu aende wapi mwishoni mwa Aprili? Ofisi iliona umuhimu wa kumwahi mwenye mabasi ili isikatwe pesa ya kuchelewa kufuta safari, lakini mtoto anayelipa ada, ambaye mzazi wake kakopa benki, huyo anaweza kusubiri!

Sababu waliyopewa: "ligi imebadilika". Yaani majirani wamehamia ligi nyingine, wao wamebaki, safari zimekuwa ndefu na bajeti haitoshi.

Hapa nieleze kidogo, maana sisi tumezoea ligi ya kupanda na kushuka daraja. Ukifungwa sana unashuka, ukishinda unapanda, kila mtu anaelewa. Vyuo vya Marekani haviendi hivyo. Ligi ni kama chama cha marafiki: mnakubaliana, mnacheza, na mwenye kutaka kuondoka anaondoka na anaowapenda. Ligi inatakiwa iwe na timu sita ili bingwa wake aingie moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa. Ukiachwa nje, tiketi hiyo huna, na balaa zaidi huna wa kucheza naye. Ukishapita mwaka mpya kila timu ina mechi za ligi yake, wewe unabaki kupiga simu huku na kule kuomba mechi. Ndiyo maana nasema timu hizi hazifi kwa kufungwa. Zinafia kwenye ratiba.

Na wanaozitosa ni wale wale waliowahi kutoswa. Hili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwaka 2010 tajiri wa gesi Terry Pegula na mkewe Kim waliahidi dola milioni 88 kwa chuo cha Penn State, ujengwe ukumbi wa barafu (arena) na zianzishwe timu za daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, ambayo huipandi kwa kushinda mechi. Vyuo vikubwa vya Big Ten, umoja wa michezo wa vyuo vikubwa, vyenye timu za magongo vilikuwa vitano tu: Michigan, Michigan State, Ohio State, Minnesota na Wisconsin. Penn State akawa wa sita, ligi ikapatikana, ikaanza 2013. Wenye majina wengine kama North Dakota na Denver nao wakajitenga wakaunda ligi yao, NCHC. Ligi kongwe ya CCHA ikabaki bila timu za kutosha, ikafa mwaka huo huo. Lake Superior State, chuo kidogo pale Sault Ste. Marie ambacho kimechukua ubingwa wa taifa 1988, 1992 na 1994, kikaachwa kwenye mataa pamoja na Ferris State na Northern Michigan. Wakapata hifadhi WCHA, ligi nyingine ambayo nayo ilikuwa imebaki magofu. Kipindi kile malalamiko yalikuwa makubwa: wakubwa wana roho mbaya, wakubwa wanaua mchezo.

Sasa subiri. Juni 2019 vyuo saba vya WCHA vikatangaza kuondoka kwa pamoja. Na hao watatu wamo! Wakafufua mpaka jina la CCHA, waanze 2021. Walioachwa nyuma ni watatu: Alabama-Huntsville, Alaska Anchorage na Alaska Fairbanks. Kosa lao ni kuwa mbali. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Huntsville naomba msinipite haraka. Timu ya magongo ya barafuni kule Alabama, kusini kwenye joto, hakukuwa na nyingine ya daraja la kwanza ukanda ule. Bingwa wa taifa daraja la pili 1996 na 1998. Mwaka 2007 walifika mashindano ya taifa ya daraja la kwanza, Notre Dame ikawatoa 3–2 kwenye muda wa nyongeza wa pili. Kipa Cam Talbot aliyefika NHL, ligi kuu ya kulipwa, ametoka pale. Mei 2020 chuo kikatangaza kuifuta, kisingizio fedha. Mashabiki na wachezaji wa zamani wakachangishana zaidi ya dola nusu milioni ndani ya siku chache tu, timu ikarudi. Mnaona? Fedha zilipatikana! Wakacheza msimu mmoja huku wanatafuta ligi ya kuwapokea. Hakuna mlango uliofunguka, na Mei 2021 ikasimamishwa.

Na nafasi ilikuwepo, maana CCHA mpya ilichukua timu ya nane. Alipewa St. Thomas wa Minnesota, ambaye alikuwa daraja la tatu na ametoka kufukuzwa kwenye ligi yake mwaka 2019 kwa kuwa na nguvu kuliko wenzake. Sina ugomvi na vijana wa St. Thomas. Ila ona kilichofuata: kuanzia msimu wa 2026–27 St. Thomas anahamia NCHC. Kiti alichonyimwa Huntsville kimekaliwa miaka mitano na mgeni, kisha mgeni kasimama kaenda zake.

Kwa Alaska sisi Waafrika Mashariki tunapaswa kufungua masikio. Anchorage ndicho chuo walichokimbilia Wakenya wengi, akina Marko Cheseto, yule aliyepotea kwenye baridi mwaka 2011 akakatwa miguu na bado akarudi kukimbia marathoni. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilipunguzia vyuo vikuu vya Alaska dola milioni 70 kwa miaka mitatu. Mwaka 2020 bodi ikapitisha kuyafuta magongo ya Anchorage, ila ikaacha mlango: leteni fedha za miaka miwili, dola milioni 3, timu itabaki. Watu wakachangishana, Agosti 2021 zikatimia, na 2022 vijana wakarudi barafuni. Hawana ligi, wala Fairbanks hawana, lakini wanacheza.

Hicho ndicho ninachokitaka mimi, na wala si kikubwa. Mnataka kufuta? Semeni mwaka mmoja kabla, wekeni hesabu mezani, taja kiasi na tarehe. Watu wakishindwa, wameshindwa. Hata Robert Morris pale Pennsylvania walifuta timu ya wanaume na ya wanawake Mei 2021, watu wakapambana, na msimu wa 2023–24 zote zikarudi. Kumbe inawezekana! Kwa timu hii ninayoibeba hatukupewa hata nafasi ya kujaribu. Wazazi wa vijana wale wangeuza keki mpaka mikono iote sugu.

Na msiniambie eti timu ndogo hazina maana kwa sababu haziwezi kushindana. Union College, chuo chenye wanafunzi wasiozidi elfu mbili na ushee, wakati huo hakitoi hata ufadhili wa michezo, mwaka 2014 kiliifunga Minnesota 7–4 kwenye fainali ya taifa. Kwenye mpira wa Kimarekani kitu hicho hukioni. Magongo ndio mchezo ambao mdogo alikuwa bado ana pa kupumulia.

Hata fedha si sababu kila mara. North Dakota wana arena ya kifahari, lakini Machi 2017 walifuta timu ya wanawake kwa kisingizio cha bajeti. Mwaka uliofuata pacha wawili waliosoma pale, Monique na Jocelyne Lamoureux, wakaipa Marekani dhahabu ya Olimpiki dhidi ya Kanada: Monique alisawazisha, Jocelyne akafunga penalti ya ushindi.

Ndugu zangu wenye vijana wanaokuja huku kwa ufadhili wa kukimbia, msione haya ni mambo ya Wazungu na barafu yao. Mei 2020 Akron walifuta mbio za nyika za wanaume, Central Michigan wakafuta riadha ya wanaume. Kalamu ni ile ile. Kabla mtoto hajasaini, mwulizeni kocha: ligi yenu ina timu ngapi, nani anataka kuhama, na timu ikifutwa ufadhili wa mwanangu unabaki mpaka amalize? Akianza danadana, mjue.

Mkuu wa michezo wa chuo kile bado hajawaita vijana kuongea nao uso kwa uso. Ametuma barua pepe. Nahodha alinipigia Jumamosi, hakunilaumu, akaniuliza tu: "Mzee, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua tangu Jumanne. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema usiku mwema na kukata simu.

Karatasi ya mwezi wa kumi imeshatoka. Ijumaa zile zote nimepangiwa kupeleka wastaafu kwenye kasino.