Uhalisia mchanganyiko: alama za mishipa hazikai mahali pake tumboni

Swali
Wakuu, tunaandaa HoloLens 2 (miwani inayoweka picha za kompyuta juu ya kile unachokitazama) ituonyeshe mishipa inayopenya msuli wa tumbo kabla ya kuinua ngozi na mafuta ya kujengea titi. Kwenye kompyuta modeli ya 3D ya mishipa ni safi. Ikiwekwa juu ya mwili, alama zinapishana na Dopla (kipimo cha mawimbi ya sauti kinachotambua damu ikipita mshipani) kwa karibu sentimita 1. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Anzia kwenye CT, ile skani ya eksirei ya vipande vipande inayotengeneza modeli. Mgonjwa alale chali vilevile atakavyolala mezani, bila mkanda wala nguo inayobana tumbo. Mafuta yakikandamizwa wakati wa skani, ngozi iliyo juu ya mshipa siku ya upasuaji si ile iliyokuwa juu yake kwenye picha. Unene wa kila kipande cha picha usizidi mm 1. Mishipa yenyewe ni ya milimita chache tu, na picha nene huimeza.

Pia naona wengi hulinganisha modeli kwa kitovu peke yake. Nukta moja haizuii modeli kuzunguka! Weka kwenye ngozi alama nne zisizo kwenye mstari mmoja, mbili zikiwa juu ya ncha za mbele za mifupa ya nyonga. Tatu za kulinganishia, ya nne ya kukagulia. Zibaki palepale tangu skani.

Jibu la 2
Naongezea suala la macho. Miwani hiyo imelengwa umbali wa mita 2 hivi, mikono yako iko kwenye nusu mita. Jicho haliwezi kulenga vyote viwili, hivyo nukta iliyo ndani ya tumbo huonekana ikielea, na ukiinamisha kichwa pembeni inahama. Tazama kutoka juu moja kwa moja, kisha ndipo uweke wino. Kila anayeivaa aipime upya kwa macho yake, na taa ya upasuaji igeuzwe kando, la sivyo picha inafifia.

Muuliza swali
Shukrani. Tukishakata, iendelee kutuongoza?

Jibu la 1
Hapana, mkuu. Ngozi ikishainuliwa, modeli haifuati tena mwili. Ibakizeni pembeni kuangalia njia ya mshipa ndani ya msuli. Hata timu ya Imperial College London, iliyochapisha kazi yake ya HoloLens kwenye miguu mwaka 2018, ilithibitisha mishipa kwa Dopla. Vikipingana, fuata Dopla.