Noah D4 inatetemeka asubuhi, plagi na koili mpya: ni kaboni kwenye vali?

mzee_wa_noah: Habari wakuu. Gari ni Toyota Noah AZR60, injini 1AZ-FSE (D4), imeshapita kilomita 170,000. Asubuhi ikiwaka inatetemeka kwenye silensa (bila kukanyaga mafuta), ikipata moto inatulia. Mlimani nguvu imepungua. Mashine ya kupimia inasoma P0300 (silinda zinamisi, yaani hazichomi vizuri), mara nyingine P0302 (inamisi silinda ya pili). Plagi mpya, koili mpya. Koili ya silinda ya pili nimeipeleka ya tatu, kosa halikuhama. Fundi mmoja anasema niweke dawa kwenye tangi, mwingine tufungue manifoldi ya hewa tusafishe kaboni kwenye vali. Tuanze na kipi?

spana_19: Mkuu, dawa ya tangi haifiki kwenye hiyo kaboni ya vali. Injini za kawaida noseli inapiga petroli mgongoni mwa vali za hewa, kwa hiyo vali zinaoshwa muda wote. D4 inapiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, mgongo wa vali hauoni tone. Kinachopita pale ni hewa, mvuke wa oili kutoka PCV (vali ya kupumulia injini) na moshi wa eksozi unaorudishwa na EGR. Oili inaungulia kwenye shina la vali, masizi yananasa juu yake, linabaki ganda jeusi gumu. Likizidi kwenye silinda moja, hewa haigawanyiki sawa, na injini ikiwa baridi ndiyo inamisi zaidi. Dawa itasaidia midomo ya noseli tu.

Ila usifungue kwa kubahatisha. Pima kompresheni (mgandamizo wa silinda) kwanza, silinda zote nne. Ya pili ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo ni vali kutokaa vizuri au ringi, na hapo kusugua kaboni pekee huenda kusitoshe. Kompresheni ikiwa nzuri, toa throtobodi uchungulie kwa kamera ya waya. Vibao vya SCV (vya kuzungusha hewa kwenye njia ya hewa) vikikuzuia, angalia navyo: kwenye hizi injini huwa vinaganda kwa masizi.

jembe_la_dar: Mbona kuna dawa za kupuliza kwenye njia ya hewa injini ikiwa inawaka? Haifunguliwi kitu.

spana_19: Inalainisha utando mwembamba. Ganda la kilomita 170,000 halitoki hivyo. Linaweza kumeguka kipande kikakaa kati ya vali na kiti chake, au kikaenda kuziba masega ya eksozi (kichujio cha moshi). Kwenye Golf TSI kuna tabo pia, ukizidisha dawa moto wa eksozi unapanda na vipande vinagonga mapanga ya tabo.

gereji_ya_uani: Kazi yenyewe iko hivi. Chomoa rilei ya pampu ya tangi, washa mpaka izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri na uache injini ipoe. Usilegeze bomba la presha kubwa kabla ya hapo. Pampu ya D4 inasukuma petroli kwa zaidi ya baa 80, inapenya ngozi.

Ukishatoa manifoldi, ziba matundu yote kwa vitambaa safi isipokuwa ya silinda unayosafisha. Zungusha krenki kwa soketi kwenye bolti ya puli mpaka vali zake mbili za hewa zifunge kabisa. Mpangilio wa silinda kuchoma ni 1-3-4-2, kwa hiyo ukianzia ya kwanza pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, kila nusu mzunguko unahamia inayofuata. Mimina dawa ya kusafishia kabureta kidogo tu. Ikishuka, vali iko wazi: simama. Ikitulia, ongeza ifike kama mililita 30, acha nusu saa, sugua kwa brashi ya nailoni, fyonza tope kwa bomba la sindano. Rudia mpaka chuma kionekane. Kaboni ngumu kwenye shina la vali inachokonolewa kwa kijiti cha plastiki au mti, siyo bisibisi.

Wenye kompresa kubwa hupuliza chenga za maganda ya jozi huku vakyumu ikifyonza. Ni haraka na safi zaidi. Asije mtu akakushawishi kutumia mchanga! Chembe moja ikibaki inakwangua silinda.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, chomoa soketi za koili na noseli, piga stata sekunde chache dawa iliyovuja itoke. Ukiwasha silinda ikiwa na maji maji, unapinda koni-rodi. Gasketi ya manifoldi iwe mpya, oili na filta badilisha siku hiyohiyo.

mzee_wa_noah: Asante sana wakuu. Nifanye nini isirudi haraka?

spana_19: Itarudi, unachofanya ni kuichelewesha. Chomoa vali ya PCV, puliza kwa mdomo: upande wa injini hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi ipite kwa shida. Ikipita sawa pande zote, tupa. Safisha EGR na njia yake wakati manifoldi iko nje. Oili 5W-30 ya sintetiki, kila kilomita 5,000, na isizidi alama ya juu ya kijiti.

gereji_ya_uani: Na P0302 ikibaki baada ya usafi, badilishana noseli ya pili na ya tatu. Kosa likihamia P0303, noseli ndiyo mbovu. Usirudishe noseli yoyote na sili za zamani, zitavujisha moto wa silinda.