Nimejichukulia kipimo mwenyewe chooni, majibu yataaminika kweli?

MamaPasua (Moshi): Wapendwa habarini. Nina mwaka wa sita kwenye dawa za VVU na virusi havionekani kwenye kipimo. Jana nimeenda CTC (kliniki ya VVU) kuchukua dawa, nesi akanipa kijiti cha pamba kirefu na kichupa chake: "Nenda chooni ujipime ukeni, tunaangalia magonjwa ya zinaa." Sina uchafu, siwashwi. Chooni hakuna hata msumari wa kutundika mkoba, nikaung'ata kwa meno huku nazungusha kijiti harakaharaka. Nimekosea? Na kinachoniuma zaidi, kwa nini hakunipima mwenyewe? Au ananikinai kwa hali yangu?

BibiMajengo: Mwenzio nililazwa kitandani miguu juu, wanafunzi wanne wamenisimamia. Choo kina heshima yake!

NesiMstaafu (Arusha): Dada, hajakukinai. Kipimo hiki wanajichukulia hata wasio na VVU. Kijiti kikiingia kama sentimita 5 na ukakizungusha sekunde 10 hadi 30, kinatosha. Mashine inasaka vinasaba vya vimelea, kwa hiyo hata vikiwa vichache inavinasa. Kwa klamidia, kisonono na trikomona, sampuli ya mwanamke mwenyewe haipishani na ya mtaalamu. Kama unahisi hukufikisha, mwambie akupe kingine, hakuna aibu. Na usijipe moyo kwa kutokuwa na dalili, klamidia kwa wanawake wengi hukaa kimya kabisa. Ila kaswende haionekani kwenye kijiti hicho, ile ni damu.

Mdau_Chuga: Ukikutwa nacho na mzee naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

MamaPasua: Mzee huyo kumfikisha hospitali ni kesi nyingine 😅 Nesi, je, saratani ya shingo ya kizazi imo humo?

NesiMstaafu (Arusha): Hapana, hiyo inatafutiwa kirusi cha HPV. Usiipuuze, maana mwenye VVU hatari yake ni kama mara 6 ya asiye nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wenye VVU waanze kupima miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5. Nayo unaweza kujichukulia, lakini HPV ikionekana, hapo kitanda hukikwepi.

MamaPasua: Asante dada, nimelala usingizi sasa. Jumatatu narudi wanitoe damu ya kaswende na niulizie hicho cha HPV. Mkoba namwachia nesi.