Naomba ushauri: upinde wa kuwindia unagoma kuvutika kwenye baridi

Wakuu, naomba msaada kuhusu upinde wa kapi (wenye magurudumu ya kupunguza mzigo) unaohitaji nguvu ya ratili 60 kuuvuta. Kwenye joto unavutika bila shida, mkono unafika kona ya mdomo kwa mkupuo mmoja. Nikikaa kimya juu ya mti kwa saa mbili, nyuzi joto zikiwa chini ya 0, upote (kamba ya upinde) unafika nusu ya safari na kukwama, pale pale uzito ulipo kileleni, kabla kapi hazijageuka na kupunguza mzigo.

Najua kosa si la upinde, ni misuli ya mgongo na mabega iliyopoa. Kuinua upinde angani ili kupata nguvu sikubali: mnyama anauona, na mshale ukiponyoka hujui utamwangukia nani.

Nafikiria kulegeza boliti za mabawa (sehemu zinazopinda za upinde) mizunguko 3, juu na chini sawasawa. Kila mzunguko hupunguza ratili kama 2, kwa hiyo nabaki na 54. Mshale utashuka, basi pini za kulengea zitapangwa upya. Swali langu kubwa: mishale ile ile itafaa, au itakuwa migumu mno, isipinde vya kutosha, kwa uzito huo?

Halafu mkono wa jaketi. Upote ukiugusa tu, mshale unakwenda kando. Kikinga mkono kirefu kinatosha kuubana, au bora kizibao kinene na mikono myembamba?

Na mnapashaje misuli moto mkiwa juu bila kutikisika?