Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, wananilazimisha nisaini mkataba mpya. Sisaini, na kazi siachi!

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, mtanivumilia.

Ni mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika samaki hapa Mwanza. Kiwanda sikitaji, shauri linaelekea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na sitaki wapate pa kunishikia. Kazi yangu ni ukaguzi wa ubora chumba cha minofu. Sangara akishapasuliwa, akachunwa ngozi na kusafishwa, minofu inapita mezani kwangu kabla ya kufungashwa. Naangalia mifupa iliyobaki, damu, rangi, joto, uzito. Mkataba wangu ni wa kudumu. Nimerudi kutoka kujifungua, mezani kwangu kuna mtu mwingine, na jina langu liko kwenye orodha ya zamu ya usiku, chumba cha baridi, kupanga maboksi.

Hawajanifukuza, hilo mlielewe kwanza. Wangenifukuza wangejiingiza kwenye matatizo na wao wanalijua hilo, maana kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema wazi kuwa ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wanachotaka ni niondoke kwa miguu yangu mwenyewe, ili faili lisome "aliacha kazi". Ndiyo mbinu yao, na wanawake wengi wa mji huu wameondoka makazini kwa mlango huo huo bila mtu kuwasemea.

Wala siyo kwamba niliondoka kimyakimya. Sheria inataka utoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na cheti cha daktari juu. Nilitoa. Nakala yangu ina muhuri wa ofisi yao. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, ukijifungua mapacha siku 100, na hazikuwa hisani ya mtu. Hata hivyo mshahara wa mwisho wa likizo ulichelewa hadi nikapiga simu kama mdai anayesumbua, huku mtoto ana wiki chache na mume wangu hana kipato. Yeye ni mvuvi wa dagaa upande wa Igombe. Wa kando ya ziwa mnajua: dagaa wa taa ni wa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapaki. Siku hizo nyumba yetu inasimama kwa mshahara wangu peke yake.

Siku niliyoripoti nikaitwa kwa afisa utumishi. Alinipa hongera, akauliza mtoto ni wa kiume au wa kike, akaniambia nikae. Kisha akasogeza karatasi. "Mama, kiwanda hakikusimama kukusubiri. Samaki wamepungua, tunapanga upya. Saini hapa, ni utaratibu tu, wote wanasaini."

Nikaisoma. Mkataba wa miezi mitatu. Cheo, mfanyakazi msaidizi. Mshahara pungufu. Muda wa matazamio, kana kwamba ndiyo naingia getini kwa mara ya kwanza! Na chini kabisa, sentensi moja ya herufi ndogo: nakubali kuwa sina madai yoyote yanayotokana na ajira yangu ya awali.

Miaka yangu yote pale ingefutika kwa saini hiyo moja, pamoja na likizo zangu na kiinua mgongo changu. Nikasema naomba nakala nikasome nyumbani. Akajibu, "Hii haitoki humu ofisini." Nikamuuliza kwa nini karatasi inayonihusu mimi isitoke. Akabadilika sura. "Usiposaini tutajua hutaki kazi. Wapo wengi getini wanaoitaka."

Sikusaini. Na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 33, inampa mama aliyemaliza likizo ya uzazi haki ya kurudi kazini kwa masharti yale yale aliyoyaacha. Yale yale! Kama samaki wamepungua kweli na kiwanda kinapunguza watu, kupunguza watu kuna taratibu zake: taarifa, majadiliano na wafanyakazi, vigezo vya nani aondoke. Hakuna utaratibu wa kumvizia mzazi siku anayorudi ukamwekea kalamu mkononi. Na hao samaki waliopungua mbona hawakumpunguza aliyewekwa mezani kwangu? Dada huyo simlaumu hata kidogo. Yeye anasainishwa miezi mitatu mitatu, kwa pesa ndogo kuliko yangu, na siku akibeba mimba hawatahitaji hata kumwita ofisini. Mkataba utaisha tu.

Toka siku hiyo ndiyo yameanza.

Nina mtoto anayenyonya. Kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nilipolitaja hilo kwa msimamizi, mbele ya watu, akasema, "Hapa siyo kliniki." Mtoto wangu yuko Igoma na mama mkwe. Kutoka kiwandani hadi Igoma na kurudi, kwa daladala, na foleni ya Buzuruga ile mnayoijua, saa mbili zinaishia barabarani. Basi nikaomba chumba chochote chenye mlango na kiti, nikamue maziwa, niyahifadhi, jioni niyapeleke. Nikaambiwa hakuna nafasi.

Kwa hiyo nakamulia chooni.

Naomba mfikirie hicho ni kiwanda cha aina gani. Huingii chumba cha minofu bila kunawa mikono kwa dawa, kukanyaga beseni la klorini kwa gambuti, kuvaa koti jeupe, kofia, barakoa. Pete haziruhusiwi, wala kucha ndefu. Ukipiga chafya unatolewa nje. Yote hayo kwa sababu minofu inakwenda Ulaya na mnunuzi akikuta kasoro mzigo unarudi. Kazi hiyo naijua na naiheshimu, nimeifanya kwa moyo wangu wote. Lakini katika jengo hilo hilo, ambamo mnofu wa sangara una chumba chake, nyuzijoto zake na mtu wa kuulinda usiku kucha, maziwa ya mtoto wa binadamu yanakamuliwa chooni na kumwagwa kwenye sinki kwa sababu hayana pa kuwekwa. Mmejaa majokofu! Mlishindwa kunipa hata kona ya friji ya chai ya ofisini?

Siku nyingine sipati hata hiyo nafasi ya chooni. Maziwa yanajaa, kifua kinakuwa jiwe, homa inapanda, yanavuja hadi koti linalowa, na vijana wa maboksi wanaangalia pembeni kwa aibu. Wao wana aibu kuliko wenye kiwanda.

Halafu zamu ya usiku. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mama haruhusiwi kupangiwa kazi muda huo katika miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua, na hata miezi miwili ikipita, akileta cheti cha daktari kwamba afya yake au ya mtoto hairuhusu, bado hapangiwi. Mtoto wangu alizaliwa na uzito mdogo, anafuatiliwa. Cheti ninacho. Nilikipeleka. Msimamizi alikisoma akakirudisha, akasema madaktari wa siku hizi wanaandika chochote. Zaidi ya hapo, kifungu cha 33 kinakataza kumpa anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kubeba maboksi ya samaki kwenye baridi ya kugandisha, kifua kimejaa maziwa, usiku wa manane, kama hiyo siyo hatari kwa mzazi mchanga basi waniambie hatari ni ipi.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo kazini nilimwendea. Kasema nijadiliane nao vizuri, nisiwe mkali.

Kuna wanaonishauri nikae nyumbani kwanza, hasira ipoe. Ndiyo mtego wenyewe huo! Ukikosa kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi, kwa kanuni zetu hilo ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Wanakupandisha hasira makusudi ukae nyumbani, halafu wanakuandikia utoro. Kwa hiyo mimi naripoti kila zamu. Nasaini daftari la mahudhurio. Maelekezo yao ya mdomo nayajibu kwa barua, "leo umeniambia hivi na hivi", nabaki na nakala. Wakikataa kugonga muhuri naituma kwa simu, ujumbe una tarehe na saa. Barua ya kukataa mkataba mpya nimeshaiandika, na nimeomba waniandikie sababu ya kunibadilishia kazi. Mpaka sasa hawajajibu.

Na jambo ambalo wengi hawalijui, mimi mwenyewe nimeelezwa na afisa kazi wa serikali: hata ukiandika barua ya kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya maisha ya kazini yasivumilike, sheria inaweza kuhesabu kuwa yeye ndiye aliyekuachisha. Kiko kifungu cha 36. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba hayavumiliki unao wewe, kwa hiyo ukiondoka bila karatasi unaondoka mikono mitupu. Na muda ni mfupi. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa kulifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukikaa mtaani miezi minne ukisema Mungu atalipa, unaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa. Wakili si lazima.

Sasa niwaseme kidogo na mnaopenda kusema "mwajiri naye anapata hasara, amlipe mtu asiyefanya kazi kwa nini?" Nimeshayasikia mpaka kwenye daladala. Alikuwa na miezi mitatu ya kujipanga, taarifa ilikuwa mezani kwake. Sheria haimlazimishi kutoa likizo hiyo bila kikomo, inamlazimisha mara nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Miaka yote ambayo sikuzaa nilifanya kazi sikukuu na Jumapili meli ya mzigo ikisubiriwa, na hakuna aliyenihesabia hasara mimi. Na hao wanaopasua samaki, wanaoendesha mashine, hadi huyo afisa utumishi mwenyewe, wote kuna mwanamke aliyelala leba kwa ajili yao.

Lakini mimi angalau nina mkataba. Wanaoniumiza zaidi ni vibarua. Alfajiri pitia getini uone kinamama wamejipanga wakisubiri kuchaguliwa. Wapo wanaofunga tumbo kwa khanga ndani ya ovaroli lisionekane, wakisimama kutwa nzima juu ya sakafu yenye maji, kwa sababu mimba ikijulikana kesho huchaguliwi. Mmoja alikuwa anafanya hivyo karibu na mwezi wake. Akizaa anarudi mapema mno, bado anatoka damu, maana hana wa kumlipa. Wameambiwa kibarua hana likizo. Siyo kweli kwa wote! Aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule kwa vipindi tofauti ndani ya mwaka, na ukijumlisha vipindi hivyo vinazidi miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Tatizo ni kwamba malipo yao yanaandikwa kwenye daftari la msimamizi ambalo wao hawalioni. Mama zangu, dada zangu, andikeni siku zenu wenyewe, kila siku, mpigwe picha hata na sare. Mtu asiwaambie hamna haki huku ushahidi anao yeye.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema nisaini tu kwa sababu kazi Mwanza ni ngumu, nakuelewa, hata mume wangu alisema hivyo usiku wa kwanza. Lakini nikisaini nitakuwa na kazi ya miezi mitatu na sina dai lolote la nyuma. Aliyeuliza kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: nimeenda kuangalia michango yangu, kuna miezi iliyokatwa kwenye mshahara na haionekani kule. Hilo nalo linaingia kwenye barua.

Ninachoomba ni kimoja. Karatasi hii ya "utaratibu tu" sikuwa wa kwanza kusogezewa, nimejua hivyo kwa jinsi ilivyokuwa imepigwa chapa tayari, pengo la jina tu ndilo halijajazwa. Kama na wewe ulisainishwa ya namna hii baada ya kujifungua, kiwanda chochote cha kanda hii, na una nakala au picha yake, au unamkumbuka aliyekuwepo chumbani siku hiyo, njoo PM (ujumbe wa faragha). Jina lako sitalitoa. Wiki hii najaza fomu ya Tume, na nataka niingie mle ndani nikiwa siko peke yangu.