MREJESHO: Kona za vitufe zilizokataa kuwa mviringo

Assalaam alaykum wakuu. Mwezi uliopita nililia hapa kuhusu tovuti ya nyumba ya wageni ya mjomba, kule Jambiani: kona za vitufe kwenye faili ni mviringo, kwenye simu kali kama bati.

Aliyesema niangalie viambishi (vipande kama -moz- cha Firefox au -webkit- cha Chrome na Safari, vinavyotangulia jina la amri ya CSS, lugha ya kupamba kurasa) kapatia. Fundi wa zamani aliandika -moz-border-radius, amri ya kuviringisha kona, peke yake, na Firefox yenyewe iliitupa tangu toleo la 13, mwaka 2012. Nimeandika border-radius tupu, kona zimerudi.

Kikagoma kitufe kimoja, cha "Weka chumba". Kumbe juu kuna border-radius: 12px, chini yake -webkit-border-radius: 2px. Chrome inazihesabu kuwa kitu kimoja, na ya chini ndiyo inayoshinda. Nikafuta ya chini, kwisha.

Ila ule ushauri mwingine nilioupata hapa, wa "futa viambishi vyote", umeniponza. Nilifuta kwa pupa, maelezo ya vyumba yakamwagika ukurasa mzima! -webkit-line-clamp, inayokata maandishi baada ya mistari kadhaa, bado inataka kiambishi chake, hata kwenye Firefox. Nimeirudisha pamoja na wenzake wawili, display: -webkit-box na -webkit-box-orient.

Limebaki moja: ule ukungu nyuma ya menyu hauonekani kwenye iPhone ya mjomba. Safari ilikubali backdrop-filter, amri ya ukungu huo, bila kiambishi kuanzia toleo la 18, mwaka 2024, na simu yake ni kuukuu. Nimeweka -webkit-backdrop-filter juu, ya kawaida chini. Kujaribu bado, mjomba kavuka Pemba na simu yake.

Ahsanteni sana.