Mandreli yangu imetumika kuvunjia mfupa wa kongoro. Narudia: MFUPA WA KONGORO

Mkerezaji_Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu sina. Naandika kwa kidole kimoja, vingine vina mafuta ya taa na hasira.

Yule bwana. Mnamjua. Hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, hakuna karakana ambayo hajaacha historia. Yule wa koti la kijani jua liwake mvua inyeshe, yule wa "nipe dakika tano tu". Leo amenimaliza.

Saa tatu asubuhi nimeenda kwa mama lishe kuchukua chapati. Namkuta amekaa kwenye benchi, bakuli mbele yake, mfupa ameusimamisha juu ya tofali, na mkononi ameshika mandreli yangu, kile chuma cha kushikia ringi kwa ndani kwenye mashine ya kukereza. Anagonga. Kong'! Anaangalia kama uboho umetoka. Haujatoka. Kong'! tena.

Mandreli niliyoitengeneza siku mbili.

Kwa wasiojua: nina oda ya ringi 40 za alumini za pampu za maji, mteja yuko Mbarali na mpunga wake haumsubiri fundi. Ringi hizo ukuta wake ni milimita 3 tu. Ukizibana kwa nje na chaki ya meno matatu, yaani kile kishikio cha mashine, zinakudanganya: unakereza tundu, linakaa duara safi kabisa, unacheka mwenyewe, unafungua meno, tundu linageuka kona tatu kama sambusa. Kwa hiyo tundu nalimaliza mapema kwenye kipande kinene, halafu ringi naishika kwa ndani nikakereze nje. Mandreli ya dukani ya kazi hiyo sijawahi kuiona hapa mjini. Nikaamua kujitengenezea.

Nikanunua kipande cha shafti kwenye skrepa, kwa kilo. Nikakikereza mpaka milimita 39.95, ringi tundu lake ni 40. Nikatoboa katikati, nikakata uzi wa bolti ya milimita 8 kwa tapu, mdomoni nikaweka tepa, yaani mteremko kama wa faneli, na kichwa cha bolti nacho nikakikereza tepa ile ile. Kisha mipasuo minne kwa msumeno wa chuma. Wa MKONO, wakuu. Mpasuo mmoja, nusu saa na malengelenge mawili. Mwisho wa kila mpasuo kitundu, ili chuma kisichanike kikifunguka. Unaingiza ringi, unakaza bolti kidogo tu, vile vipande vinne vinafunguka kama ua, ringi imeshikwa pande zote bila kuumizwa. Nikaweka saa ya kupimia kama inazunguka bila kuyumba: sindano inacheza milimita 0.02. Nilimwita mke wangu aje aangalie sindano. Hakuelewa kitu ila alisema hongera.

Ringi 22 zimetoka kama zimezaliwa. Zimebaki 18. Jana jioni akapita, "nipe hiyo nikaonyeshe mtu sampuli, dakika tano".

Halafu leo, kong'.

Nikamuuliza, unafanya nini? Hakuacha hata kutafuna. Akaniambia: "Kwani si kichuma tu, kijana wangu?"

KIJANA WANGU. Mimi nimemzidi miaka sita! Mdogo wake wa mwisho nilimfundisha mimi kushika venia, kipimo cha kwanza cha fundi!

Si kichuma tu. Mate yalinikauka. Nikaichukua, kwenye mpasuo wa pili kuna kipande cha mfupa kimekwama, kinachungulia kama jino la mtoto. Mafuta ya supu yameingia mpaka kwenye uzi wa bolti. Mama lishe kasimama na mwiko, ananiangalia mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye kosa. Na yule bwana, wakuu, alipoona nimeondoka nayo, akaniita: "Sasa huu mfupa niuvunje na nini?"

---

Kamwene_Kihesa
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "Sasa huu mfupa niuvunje na nini" 😂😂 Mkuu pole, ila hilo swali lilihitaji jibu.

Tepa_na_Bushi
Pole. Ila na wewe acha utani. Mandreli ya kupanuka inakerezwa ikiwa kwenye chaki na haitoki mpaka kazi iishe. Ukishaitoa, senta imekwenda. Sasa ilitokaje mashineni mpaka ikafika kwenye supu? Kongoro haina kosa hapo.

Mkerezaji_Mwanjelwa
@Tepa_na_Bushi nina mashine MOJA. Iliingia kazi ya shafti ya haraka. Nilipiga nukta ya alama usawa wa jino namba 1, ningeirudisha palepale nikaipitisha kisu kidogo sana, bolti ingefidia kilichopungua, ndiyo maana ikaitwa ya kupanuka. Hayo nayajua. Sikujua kama kuna mtu duniani ataiona akawaza uboho.

Ndizi_za_Tukuyu
Bila picha hii ni chai.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Picha hiyo hapo. Hicho cheupe ni mfupa.

Ndizi_za_Tukuyu
Ugonile mkuu. Nimeiona. Kusema kweli na mimi ningeitumia kutwangia kitunguu saumu.

Mama_Junior_Soweto
Ina uzito gani? Nina nyama ya kuponda ya Jumapili.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Kilo moja na kidogo. KWA NINI NAJIBU.

Spana_Zote_Zimeisha
Huyo huyo bwana! Kwangu alichukua venia. Mpya, bado ina karatasi yake ya nailoni. Nimekuja kumkuta mlangoni kwake anakwangulia tope la kwenye buti kwa yale meno ya kupimia. Nikamwambia hiyo inapima sehemu za mia za milimita. Akasema "na tope ni jembamba pia".

Kamwene_Kihesa
"Na tope ni jembamba pia" 😂 jamani huyu mtu apewe redio.

Fundi_Pasi_Pesa
Koti la kijani? Lenye kifungo kimoja? Alinikopa jeki kipindi cha mvua. Mvua imekwisha, kiangazi kimekwisha, mvua nyingine imeanza. Jeki ipo Tunduma, inasemekana.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Wakuu turudi kwenye hoja. Nimeisafisha kwa petroli na kipande cha msumeno, mfupa umetoka. Nimeirudisha kwenye chaki usawa wa nukta, nimeweka saa. Sindano imepiga milimita 0.3! Robo tatu ya mzunguko imetulia, ikifika kile kipande cha nne inaruka kama imeona nyoka. Kimepinda. Kimepinda kwa KONG'. Sauti naisikia mpaka sasa, nikifumba macho naona bakuli.

Tepa_na_Bushi
Ikereze upya, ipunguze, kazana na ringi zenye tundu dogo.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Oda ni tundu la 40!!

Tepa_na_Bushi
Basi tengeneza nyingine, safari hii tumia kipande cha alumini. Kinakerezeka haraka, msumeno unapita kama kwenye muhogo, na hakikwaruzi ringi kwa ndani. Kwa ringi 18 kitafika. Na ni chepesi, hakiwezi kuvunja mfupa.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Hiyo ya mwisho ndiyo pointi ya kwanza ya maana kwenye uzi huu.

Kijana_wa_SaeMbeya
Naomba kuuliza, mimi ringi zangu za alumini nikipima mashineni zipo sawa, asubuhi nikipima zimepungua. Ni baridi ya huku au nimelogwa?

Tepa_na_Bushi
Hujalogwa. Unapima zikiwa za moto. Alumini inatanuka na joto karibu mara mbili ya chuma. Iache ipoe kwanza, na mwagia mafuta ya taa wakati unakereza, itapunguza na ule utando unaogandia kwenye kisu.

Parachichi_Njombe
Nyie mnalia kichuma. Sisi huku dalali kaja shambani, kachuma mwenyewe, kachagua makubwa, kaacha madogo, halafu kasema atalipa yakifika. Yafike wapi? Hadi leo hajasema.

Mbao_za_Mafinga
@Parachichi_Njombe afadhali wako kachuma mwenyewe. Wangu kanipakilisha mbao mvua inanyesha, kapima za kwangu kwa futi yake. Futi ina inchi kumi na moja, naapa.

Parachichi_Njombe
Koti lake rangi gani?

Mbao_za_Mafinga
Kwa nini?

Parachichi_Njombe
Nauliza tu.

Mkerezaji_Mwanjelwa
Wakuu, MANDRELI. Aliniambia "si kichuma tu". Mbele ya watu. Kuna mtu pale kwenye benchi alicheka, namjua, na yeye ataleta puli yake kukereza.

Spana_Zote_Zimeisha
Uzi wako umeliwa mkuu, tapu imeteleza. Samahani, ilibidi.

Mgeni_wa_Kabwe
Habari wakuu, mimi mgeni humu. Kuna mwenye tapu ya milimita 8 hapa mjini aniazime? Dakika tano tu.

Fundi_Pasi_Pesa
Wakuu.

Spana_Zote_Zimeisha
WAKUU.

Kamwene_Kihesa
Muulizeni kavaa nini 😂😂😂

Mama_Junior_Soweto
Hamjanijibu. Huyo mama lishe wa kongoro yuko upande gani? Nimesoma uzi wote nikitafuta hilo.

Ndizi_za_Tukuyu
Na mimi. Mfupa mpaka mtu anautafutia nyundo, hiyo supu si ya mchezo.

Mbao_za_Mafinga
Nashuka huko Alhamisi na Fuso. Kongoro inaisha saa ngapi?

Mkerezaji_Mwanjelwa
Nyuma ya soko, ulizia mama mwenye mwiko mrefu. Saa nne imeisha. Chapati chukua mbili, moja haitoshi.